Kalamu ya nibu ya dhahabu: mtandaoni au kwa wakala?

Suala: "Assalaam alaykum. Mimi ni maalim wa skuli hapa Wete, na jioni nasomesha Kurani chuoni. Kwa miaka mingi nimeandika kwa kalamu za wino za bei ndogo, na sasa nimeweka fedha ili ninunue moja nzuri ya kudumu. Nimeichagua Pilot Custom 74, ambayo nibu yake, yaani ncha ya kuandikia, ni ya dhahabu. Muuzaji mmoja katika soko kubwa la mtandaoni anaiuza kwa kiasi cha shilingi laki tatu na nusu, na duka jengine linalojitambulisha kuwa ni wakala aliyeidhinishwa linataka laki tano kwa kalamu hiyo hiyo. Hiyo laki moja na nusu ya ziada nainunulia nini? Na kwa mtu aliyeko Pemba, kuna faida yoyote ya kununua kwa wakala? Nina kaka yangu Maskati ambaye huja nyumbani kila mwaka."

Jibu: Waalaykum salaam, Maalim. Nitatanguliza uamuzi wangu, kisha nikupe sababu zake. Kwa kalamu ya nibu ya dhahabu, na kwa mtu anayeishi Wete, ningelipa ile laki tano, lakini kwa sharti kwamba duka hilo likubali kwa maandishi kuifungua kalamu, kuichovya wino na kuiandikia mistari michache kabla ya kuituma. Likikataa sharti hilo, basi sehemu kubwa ya ile ziada hununulii kitu utakachoweza kukitumia ukiwa Pemba, na hapo yule muuzaji wa laki tatu na nusu anastahili kuangaliwa upya.

Suala lako umelipanga kana kwamba mtandao uko upande mmoja na wakala yuko upande wa pili, na ndivyo watu wengi wanavyolifikiria. Hali haiko hivyo tena. Maduka kama Goulet Pens ya Virginia, Marekani, na Cult Pens ya Uingereza huuza kwa njia ya mtandao, na wakati huo huo ni wauzaji wanaotambuliwa na makampuni makubwa ya kalamu. Tafauti unayopaswa kuitafuta ni njia iliyopitwa na kalamu mpaka kumfikia muuzaji. Wakala ameipata kwa mtengenezaji au kwa msambazaji wake rasmi, naye amefungwa na masharti: asiuze kitu kilichotumika kwa jina la kipya, apokee kalamu yenye kasoro, na awe kiungo baina ya mnunuzi na kiwanda. Muuzaji wa kawaida katika soko la mtandaoni hana mkataba wa namna hiyo. Anaweza kuwa duka dogo la Tokyo lenye heshima zake ambalo linauza kalamu halisi, anaweza kuwa mtu aliyenunua mabaki ya duka lililofungwa, na anaweza kuwa mchuuzi wa bandia. Soko lile lile linawapa wote watatu ukurasa wa sura moja na nyota za rangi moja, na wewe uliyeko mbali huna njia ya kuwatenganisha kwa kuziangalia picha tu.

Sasa tuitazame bei, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea, ama kwa kuogopa pasipo na haja ama kwa kuamini pasipo na dalili. Pilot ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa mwaka 1918, na hiyo 74 iliyomo katika jina la kalamu yako inahesabu miaka tangu kampuni ilipoanza hadi kalamu hiyo ilipotolewa, yaani 1992. Kwao Japani kalamu hizi huuzwa kwa bei ndogo kuliko zinavyouzwa Marekani na Ulaya, kwa kuwa huko nje kuna msambazaji anayebeba gharama za kuingiza mzigo, za matangazo, na za kuwahudumia wateja watakaorudi na malalamiko. Muuzaji aliyeko Japani anayekutumia kalamu moja kwa moja anaziruka gharama hizo zote, na kwa hivyo punguzo la karibu theluthi kwa kalamu ya Kijapani si ushahidi kwamba ni bandia. Ni bidhaa halisi iliyotoka kwa mlango mwengine. Ungeniambia kwamba umeona Meisterstück ya Montblanc, mpya kabisa, kwa nusu ya bei, jibu langu lingekuwa fupi sana, kwa sababu kampuni ile huuza kupitia maduka yake yenyewe na wauzaji wachache iliowachagua, na bidhaa zake ni miongoni mwa zinazoigizwa kuliko zote duniani. Kipimo cha bei, basi, kinategemea ni kalamu ya nani unayoizungumzia.

Tena kwa Custom 74 kuna jambo ambalo mawakala wa nje hawapendi kulitaja. Huko Japani kalamu hii hupatikana kwa upana mwingi wa nibu, pamoja na nibu laini zinazonesa kidogo unapozikandamiza na ile nibu ya muziki, ya kuandikia noti, yenye meno matatu, ilhali Marekani huletwa kwa upana wa aina chache tu. Mtu anayetaka nibu isiyo ya kawaida huenda asiwe na njia nyengine ila kuagiza Japani. Wewe sidhani kama unaihitaji, na sababu nitaieleza mbele.

Nije kwenye dhamana, ambayo ndiyo hoja kuu ya kila wakala. Dhamana ya mtengenezaji hushughulikia kasoro za kiwandani: nibu iliyotoka vibaya, kifuniko kisichokaza, mwili uliopasuka bila ya kuanguka. Kalamu iliyoangushwa kwenye sakafu ya saruji na nibu ikatangulia chini haimo katika dhamana yoyote niijuayo, na hiyo ndiyo ajali inayozimaliza kalamu nyingi zaidi kuliko kasoro zote za kiwanda. Isitoshe, dhamana za kalamu mara nyingi hufungwa na nchi au eneo, kwa hivyo kalamu iliyouzwa kwa ajili ya soko la Japani inaweza kukataliwa na kituo cha huduma cha Ulaya, na mhudumu wa hapo akakuelekeza uirudishe ilikonunuliwa. Hili ulilijue kabla hujalinganisha bei, kwa sababu yule muuzaji wa laki tatu na nusu anaweza kukuandikia kwamba kalamu ina dhamana, na asiwe amesema uongo.

Kisha lipo suala la masafa, ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani hawalifikirii kamwe wanapotoa ushauri wao. Mteja wa London mwenye kalamu mbovu huitia katika bahasha na kuipeleka posta ya mtaani. Wewe utaipeleka kwa kampuni ya vifurushi, pengine kwanza ivuke bahari kwenda Unguja, kisha ipande ndege. Nauli ya kifurushi kinachofuatiliwa, kwenda na kurudi, inaweza kuimeza yote ile laki moja na nusu uliyoilipa kwa ajili ya dhamana. Na kalamu inaporudi, forodha inaweza kuihesabu kama mzigo mpya ikiwa huna karatasi inayoonyesha kwamba ilitoka hapa kwenda kutengenezwa. Kwa hiyo, siku utakayolazimika kuirudisha, piga nakala ya risiti na ya fomu ya kutuma mzigo, na umwombe fundi wa huko aandike wazi juu ya kifurushi kwamba kilichomo ni kitu kilichotengenezwa na kurejeshwa kwa mwenyewe.

Ukinunua kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi, usisahau pia kwamba ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya kalamu peke yake. Thamani inayotumika ni bei pamoja na nauli na bima. Forodha ya Zanzibar iko chini ya TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), wakati ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) inashughulika na kodi za ndani, na nimewaona watu wakizunguka baina ya ofisi hizo mbili bila sababu. Muulize wakala wako wa kutoa mizigo akupigie hesabu kabla hujalipa, kisha uilinganishe jumla na jumla, si bei na bei. Muuzaji anayejitolea kuandika thamani ya uongo juu ya kifurushi ili akupunguzie ushuru anakuweka mashakani mara mbili: mbele ya forodha, na mbele ya bima, ambayo kifurushi kikipotea haitalipa zaidi ya kile kilichoandikwa.

Kama dhamana ina thamani ndogo hivyo kwa mtu wa Wete, kwa nini basi naendelea kumpendelea wakala? Kwa sababu ya nibu. Chukua kioo cha kukuzia, kile wanachotumia masonara kukagua vito, uishike kalamu ncha ikikuelekea jicho, na utazame kwenye mwanga wa dirisha. Utaona meno mawili yaliyotenganishwa na ufa mwembamba kuliko unywele, na mwisho wa kila jino nusu ya kipunje cha madini magumu kilichochomelewa hapo, kwa kuwa dhahabu peke yake ni laini na karatasi ingeila. Nusu hizo mbili zinatakiwa ziwe sawasawa. Jino moja likiwa juu ya jengine hata kwa kiasi kidogo mno, kalamu itateleza unapoandika kwa upande mmoja na itakwaruza unapogeuka upande wa pili. Ufa ukibana sana juu ya kipunje, wino utatoka kwa taabu, na maandishi yatakuwa mepesi yaliyokaukiana. Na ikiwa kingo za ndani za ufa zimeng'arishwa kupita kiasi, wino husimama juu kidogo ya karatasi bila ya kuigusa, ukaandika alifu ya kwanza na isitokee kitu, kisha ukaikandamiza na ikatokea.

Kwa mwandishi wa Kiswahili peke yake, jino lililopanda kidogo linavumilika. Kwako wewe halivumiliki. Mkono wa kulia unapoandika kwa herufi za Kilatini, kutoka kushoto kwenda kulia, sehemu kubwa ya mistari huvutwa. Mkono huo huo unapoandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, mistari mingi ya ulalo husukumwa, na nibu inayosukumwa hufichua kila kasoro iliyomo. Kalamu inayomridhisha mwalimu wa Kiingereza asubuhi inaweza kuwa adhabu chuoni jioni. Kasoro hizi haziko katika kalamu za bei ndogo tu, na viwanda vya Kijapani vinasifika kwa uangalifu wao, lakini nibu hutengenezwa kwa wingi na nyengine hupita bila ya kuonekana. Wala hakuna picha ya mtandaoni itakayokuonyesha.

Wakala mzuri anaziona. Maduka mengi yanayoishi kwa kuuza kalamu, tafauti na yale yanayouza kalamu pamoja na saa na mikanda, yana mtu anayekagua nibu kwa kioo, anayeichovya katika wino, anayeandika mistari michache, na anayeweza kuyasawazisha meno kwa kidole na subira. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa anayeijua, nayo ndiyo unayoinunua kwa laki moja na nusu. Ukimwandikia, usimwulize tu, "Kalamu ni nzuri?" Mwambie kwamba unaandika kwa mkono wa kulia, pande zote mbili, na kwamba unataka nibu ijaribiwe kwa kuchora duara na nambari nane, ambazo huigeuza nibu upande kwa upande. Mwombe akutumie picha ya karatasi aliyoiandikia. Duka lenye fundi litakujibu kwa furaha, na pengine fundi mwenyewe ndiye atakayeandika. Duka lisilo na fundi litakujibu kwamba kalamu zote zimekaguliwa kiwandani. Jibu la aina hiyo likikujia, usilipe laki tano.

Kuhusu bandia nitasema machache, kwa kuwa Custom 74 si shabaha kubwa ya waigizaji, lakini siku moja utanunua kalamu nyengine. Alama zinazotajwa na watu wengi hazithibitishi kitu. Nambari 585 iliyochongwa juu ya nibu humaanisha dhahabu ya karati 14, na 750 humaanisha ya karati 18, ila anayeweza kuigiza nibu anaweza pia kuichonga nambari. Nambari ya usajili iliyoko kwenye pete ya kifuniko nayo hunakiliwa, na nimeona kalamu za bandia zenye nambari moja zikiuzwa kwa watu tafauti. Jaribio la sumaku linalosifiwa sana nalo halitoshi: dhahabu haivutwi na sumaku, ndiyo, lakini aina nyingi za chuma kisichoshika kutu nazo hazivutwi. Boksi na kitabu cha dhamana ndivyo vitu rahisi kuliko vyote kuigiza. Usichanganye, hata hivyo, bandia na mwigo wa wazi. Ipo kampuni ya Kichina, Jinhao, inayouza kalamu yenye umbo linalofanana sana na Safari ya Lamy, lakini ikiwa na jina lake yenyewe juu yake. Kalamu hiyo unaweza kuipenda au kuidharau, lakini hakuna aliyekudanganya. Udanganyifu ni pale jina la mwengine linapopachikwa.

Kinachothibitisha ni mlolongo wa watu. Makampuni mengi ya kalamu huweka katika tovuti zao orodha ya wauzaji wanaowatambua, nchi kwa nchi. Litafute duka lako humo. Usianzie kwenye tovuti ya duka na kuiamini nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa, maana nembo mtu yeyote huinakili. Likiwa halimo, iandikie kampuni yenyewe kwa barua pepe, utaje jina la duka na anuani yake, uulize kama inalitambua. Kisha uliombe duka risiti yenye jina kamili la kalamu, rangi, upana wa nibu na anuani ya duka. Malipo yafanywe kwa kadi ya benki, kwa sababu mzigo usipofika unaweza kuitaka benki yako ifungue madai ya kurudishiwa fedha. Muuzaji anayekuhimiza utoke nje ya mfumo wa malipo wa soko lile na kumtumia fedha kwa jina lake binafsi, mwache, hata kama bei yake ni nzuri kiasi gani.

Hapa ndipo kaka yako wa Maskati anapoingia, na ningekuwa wewe ningeanzia kwake kabla ya duka lolote la mbali. Mtafutie katika orodha ya mtengenezaji muuzaji anayetambuliwa huko Oman au Imarati. Akiwepo, kaka aende kwa miguu yake. Dukani aombe kalamu mbili au tatu za aina moja, azichovye wino mbele ya muuzaji, na aandike Bismillahi kwa herufi za Kiarabu kwa kila moja, polepole, bila ya kukandamiza, kwenye karatasi ya kawaida ya kuchapishia na si kwenye ile karatasi nzito ya krimu ambayo maduka huiweka kwa makusudi, kwa sababu juu yake kila nibu huonekana njema. Aichague ile iliyoanza kutoa wino mara tu ilipogusa karatasi. Namna hii unapata ukaguzi wa nibu, risiti halali, na mtu aliye karibu na duka ikiwa kuna la kurudisha, tena bila ya nauli ya kifurushi. Risiti aiweke mkononi, na akiulizwa forodhani aseme anachobeba.

Kaka asisafiri na kalamu iliyotiwa wino. Ndege inapopanda, hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje, na kalamu iliyojaa nusu huvuja zaidi kuliko iliyojaa kabisa, kwa kuwa ina hewa nyingi. Tatizo hili ni la kale kuliko ndege: katika karne ya 10 khalifa al-Muizz wa dola ya Fatimiya alitaka atengenezewe kalamu yenye wino ndani yake ambayo haitachafua mikono wala nguo, na tangu hapo watengenezaji wamekuwa wakishindana na hewa na wino. Aioshe kwa maji baridi, aikaushe, na aibebe tupu.

Umesema tayari umeichagua kalamu, lakini hukutaja upana wa nibu, nami naliona hilo ni kubwa kuliko tafauti ya wauzaji. Nibu za Kijapani huandika kwa wembamba zaidi kuliko za Ulaya zenye herufi ile ile, kiasi kwamba M (ya upana wa kati) ya Pilot hukaribia F (nyembamba) ya makampuni mengi ya Kijerumani. Kwa kusahihisha madaftari ya wanafunzi, ambayo karatasi yake ni nyepesi na wino hutambaa ndani yake, F ndiyo salama. Kwa Kiarabu, F ya Kijapani ni nyembamba mno, vitone huonekana kama vumbi na herufi hukosa mwili. Kwa kuwa unazifanya kazi zote mbili, ningechukua M. Usishawishike na ile nibu ya muziki kwa ajili ya khati. Nibu hiyo ikishikwa kawaida hutoa mistari ya wima iliyo minene na ya ulalo iliyo myembamba, ambapo khati ya Kiarabu hutaka karibu kinyume chake. Wapo mafundi wa nje wanaozichonga upya nibu ili zifuate khati, nao wanafanya kazi nzuri, ila kalamu iliyochongwa na fundi wa nje ya kiwanda hupoteza dhamana. Khati halisi iache kwa kalamu ya mwanzi, na hii ya dhahabu iwe ya maandishi ya kila siku.

Pilot hutumia katriji zake yenyewe, yaani vibomba vilivyojazwa wino tayari, ambazo haziingiliani na zile fupi za kawaida zinazotumiwa na makampuni mengi ya Ulaya. Sitegemei uzipate Wete, na hata Darajani ningeshangaa. Hakikisha kwamba kalamu inakuja na konvata, yaani kile kibomba kidogo cha kuvutia wino kutoka kwenye kidau, na kwamba ni ya Pilot, maana konvata za makampuni mengine hazikai humo. Wino uwe wa kalamu za namna hii: Quink ya Parker, ambayo ipo sokoni tangu 1931, Pelikan 4001, au wa Pilot wenyewe. Wino wa Kihindi, ule mweusi wa kuchorea, una gundi itakayoganda ndani ya ulimi wa kalamu, ule unaopeleka wino kwenye nibu, na kuimaliza. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa chuo, nitasema hata lisilohitaji kusemwa: zafarani ya kombe, ile ya kuandikia aya za kunywa, ibaki kwenye sahani. Nimeletewa kalamu nzuri iliyotiwa zafarani na maji ya mawaridi, na mashapo yake yalikuwa yameziba kila njia ya wino.

Ukiona kwamba haya yote ni mzigo kwa kalamu ya kwanza ya bei hii, ipo njia ya katikati ambayo sioni aibu kuipendekeza. Kalamu za nibu ya chuma kama Lamy Safari, Pilot Metropolitan au Plaisir ya Platinum huandika vizuri sana, na bei zake huko nje huwa baina ya dola 20 na 40 hivi. Kwa kalamu za daraja hiyo hoja yangu yote juu ya wakala hudhoofika. Inunue popote penye muuzaji mwenye sifa njema, na nibu ya Safari ikiwa mbaya, unaivuta tu na kuitia nyengine, wala haigharimu fedha nyingi. Watu wengi hudhani kwamba nibu ya dhahabu ndiyo inayoandika vizuri kwa kuwa ni dhahabu. Kinachogusa karatasi katika zote mbili ni kile kipunje cha madini magumu. Dhahabu haili kutu, jambo lenye faida katika hewa yetu ya chumvi, na katika baadhi ya nibu hunesa kwa ulaini unaopendeza, lakini nibu ya chuma iliyokaguliwa vizuri hushinda ya dhahabu iliyotoka vibaya.

Ikiwa hatimaye utaagiza kwa kifurushi, iwe kwa wakala au kwa yule wa laki tatu na nusu, muulize kabla ya kulipa swali moja mahsusi: je, kalamu iliyochovywa wino inaweza kurudishwa? Wauzaji wengi huikataa kalamu mara tu inapotiwa wino, hata kama ni kwa ajili ya kuijaribu, isipokuwa mnunuzi athibitishe kasoro. Kwa hiyo siku itakapofika, usiikimbilie kwa kidau. Piga picha kifurushi kabla ya kukifungua, kisha boksi, kisha kalamu. Soma upana wa nibu ulioandikwa juu yake na uulinganishe na risiti. Iangalie nibu kwa kioo cha sonara, kwa mbele na kwa ubavuni, bado ikiwa kavu. Ukiona meno yamepishana, ipige picha hiyo pia kupitia kioo, na umwandikie muuzaji siku hiyo hiyo, kabla tone la wino halijaingia ndani.